Kunakili picha za vitabu vya watoto: kujifunza kunaishia wapi, wizi unaanzia wapi?

Katika makundi ya WhatsApp ya vijana wanaojifunza kuchora, mzozo huu hauna msimu. Mmoja anaposti picha ya sungura aliyevaa koti la buluu. Mistari ni safi, rangi za maji zimetulia. Sifa zinamiminika, mpaka anapotokea mtu na kuandika: "Hii umekopi, si yako." Hapo kundi linagawanyika. Wapo wanaosema kukopi ni wizi, basi. Wapo wanaosema hakuna fundi aliyezaliwa anajua, wote walikopi. Wapo wanaoapa kwamba ukizoea kunakili, kipaji chako kinakufa. Na wapo wanaofuta picha zao kimya kimya na kuacha kuchora kabisa. Hao wa mwisho ndio walionisukuma kuandika makala hii.

Mzozo hauishi kwa sababu mambo matatu tofauti yametiwa kapu moja.

La kwanza ni kunakili kwa ajili ya kujifunza. Unachukua picha ya mchoraji unayempenda, unaichora upya kama ilivyo ili uelewe ilivyojengwa, na ukimaliza inabaki kwenye daftari lako. La pili ni kuiga mtindo. Hapa hunakili picha yoyote. Unachora mbuzi wako, bibi yako, soko la kwenu, ila kwa namna anayochora yule: mistari yake minene, macho yake ya nukta, rangi zake. La tatu ni kujitwalia kazi ya mtu. Unachukua picha yake, nzima au iliyobadilishwa hapa na pale, unaitoa kwa jina lako, mara nyingi kwa malipo.

Anayejifunza cherehani hupewa gauni kuukuu lililoshonwa vizuri alifumue, apange vipande mezani, aone mkono umekatwaje na kola imekaaje, kisha alishone upya. Hakuna anayemwita mwizi. Akianza kukata vitambaa kama fundi wake anavyokata, watu watasema huyu amefundishwa na fulani. Lakini akichukua gauni la fundi mwingine, akabandua lebo, akabandika yake na kulipeleka sokoni, hapo kuna kesi. Kuchora ni hivyo hivyo, na sehemu kubwa ya kelele tunazosikia ni za kumhukumu mfumuaji kwa kosa la mbandua lebo.

Mabingwa nao walinakili

Tuanze na huyo huyo sungura wa koti la buluu. Anaitwa Peter Rabbit, na aliumbwa na Beatrix Potter, mwandishi na mchoraji aliyezaliwa London mwaka 1866. Wachapishaji walipomkatalia, alichapisha kitabu chake kwa fedha zake mwenyewe mwaka 1901, nakala 250, na mwaka uliofuata kampuni ya Frederick Warne ikakichukua. Lakini kabla ya yote hayo, nyumbani kwao baba yake alikuwa akinunua michoro ya mchoraji mwingine wa vitabu vya watoto, Randolph Caldecott. Beatrix alijaribu kumnakili, na baadaye alikiri kwamba hakufanikiwa kufanana naye sana.

Caldecott alizaliwa Chester mwaka 1846 na alikuwa karani wa benki kabla ya kuishi kwa kalamu yake. Kuanzia mwaka 1878 alitoa vitabu viwili vya picha kila mwaka, mpaka karibu na kifo chake mwaka 1886, akiwa hajafikisha miaka 40. Aliamini kuwa mistari ikiwa michache, makosa nayo huwa machache. Marekani ina nishani yenye jina lake, inayotolewa tangu mwaka 1938 kwa kitabu bora cha picha cha watoto. Maurice Sendak, mchoraji wa Kimarekani aliyeipata mwaka 1964, hakuficha kamwe kuwa Caldecott alikuwa mwalimu wake, ingawa Caldecott alikufa miaka 42 kabla Sendak hajazaliwa.

Sasa weka sungura wa Potter karibu na madubwana ya kitabu maarufu cha Sendak. Mwalimu ni mmoja, na hakuna mtoto atakayechanganya kazi za hao wawili. Hili pekee linatosha kumjibu anayesema kunakili kunaua kipaji. Kinachomaliza mchoraji ni kunakili mtu mmoja, kwa njia moja, miaka yote, bila kuinua macho kutazama vitu vyenyewe. Potter alifuga sungura. Aliwachora wakilala, wakila, wakijikuna. Alichojifunza kwa Caldecott alikipeleka kwa mnyama aliye hai mbele yake, na huko ndiko mkono wake ulikoachana na wa Caldecott.

Japani hawakuona haja hata ya kubishana. Mchoraji wao Hokusai alianza mwaka 1814 kuchapisha vitabu vya michoro, watu, samaki, mawimbi, ndege, kwa nia hasa kwamba wanafunzi wavinakili. Vilifika juzuu 15, za mwisho zikitoka baada ya yeye kufa.

Na sisi tuna mfano wetu, mkubwa kuliko tunavyoupa heshima. Edward Saidi Tingatinga alitoka kusini mwa Tanzania, akafika Dar es Salaam kutafuta riziki, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kupaka rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka michache tu. Kazi yake haikufa kwa sababu vijana wachache, wengi wao ndugu na jamaa, walikuwa wameketi pembeni yake wakinakili. Ndivyo wanavyofundishana mpaka leo: mgeni anaanza kwa kupaka mandhari ya nyuma, anajaza mwili wa mnyama, anaweka nukta, ananakili picha ya fundi wake mpaka mkono ukubali.

Najua lawama: picha zote za Tingatinga ni zile zile, twiga yule yule, chui yule yule. Lawama hii ina ukweli nusu, na nusu hiyo tuielekeze panapostahili. Mtalii akiomba twiga, na twiga ndiye anayelipa kodi ya nyumba, fundi atachora twiga hata kama ana picha nyingine kumi kichwani. Hiyo ni nguvu ya soko. Pale ambapo kazi imepata mlango mwingine, mikono imetofautiana. John Kilaka, Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1966, amechora vitabu vya watoto vilivyochapishwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Ukivifungua unaona mara moja asili yake: mandhari bapa, rangi nzito zinazowaka, wanyama kila mahali. Lakini wanyama wake wamevaa nguo, wana hasira, wana aibu, wanadanganyana, na hadithi inasogea kutoka ukurasa hadi ukurasa. Hilo la kusogea si dogo, na ndilo wanafunzi wengi wanalolikosa.

Nakili kitabu, si picha tu

Mwanafunzi akiamua kunakili, kwa kawaida hukimbilia jalada, au ile picha moja nzuri kuliko zote. Anaitoa vizuri, anaposti, anahamia kitabu kingine. Baada ya mwaka ana picha nyingi nzuri na bado hawezi kuchora kitabu. Sababu ni kwamba mchoraji wa vitabu vya watoto hachori picha moja. Anachora mfuatano, mara nyingi wa kurasa 32, kwa sababu karatasi za kiwandani hukunjwa na kukatwa kwa mafungu ya kurasa 16. Mhusika lazima afanane na nafsi yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nafasi ya maneno lazima iachwe. Kichwa cha mtoto kisiangukie kwenye mkunjo wa katikati.

Kuna kishairi cha watoto cha Kiingereza ambacho mstari wake wa mwisho unasema sahani ilitoroka na kijiko. Maneno yanaishia hapo, kama harusi ya siri. Caldecott alipokichora mwaka 1882 alikataa kuishia hapo. Baada ya kuwaonyesha wapenzi hao, alichora picha nyingine isiyo na neno hata moja: sahani imelala chini, vipande vipande, na kijiko kinaondolewa katikati ya uma na kisu, ambao wanaonekana wazi kuwa ni wazazi wake. Anayenakili sahani peke yake atapata sahani nzuri. Anayenakili picha zote mbili kwa mpangilio wake atagundua kwa mkono wake mwenyewe kuwa mchoraji ana ruhusa ya kusimulia jambo ambalo mwandishi hakulisema.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ninalompendekezea mtu yeyote ni hili. Chukua kitabu kimoja unachokipenda. Katika karatasi moja kubwa, chora kurasa zake zote kwa visanduku vidogo vya ukubwa wa kiberiti. Tumia penseli tu, bila rangi, bila sura za watu. Weka weusi, kijivu na weupe. Inachukua jioni moja.

Fanya hivyo kwa kitabu maarufu cha Sendak cha mwaka 1963, kile cha mtoto mtundu anayesafiri kwenda nchi ya madubwana, na visanduku vyako vitakuonyesha jambo ambalo ukisoma kawaida hulioni. Picha za mwanzo ni ndogo, zimezungukwa na weupe mwingi. Kadiri mtoto anavyozama katika njozi yake, picha inakua, inakula weupe, mpaka wanapofika kwenye ngoma ya madubwana picha imejaza kurasa zote mbili na maneno yametoweka kabisa. Kisha mambo yanaanza kurudi nyuma. Ukurasa wa mwisho hauna picha, una maneno machache tu. Unaweza kunakili dubwana moja kwa wiki nzima, nywele kwa nywele, usijue siri hiyo.

Baada ya visanduku ndipo uchague ukurasa mmoja wa kuunakili kikamilifu, na hapo nasisitiza: nakili njia, usinakili matokeo peke yake. Eric Carle, mchoraji wa kitabu cha kiwavi mlafi, aliyefariki mwaka 2021, ndiye mfano ninaoupenda. Vijana wengi hunakili kiwavi wake kwa penseli za rangi, wakihangaika kuigiza ile michirizi ndani ya kijani. Carle hakuchora michirizi hiyo kwenye picha. Alichukua karatasi nyembamba laini, akazipaka rangi za akriliki kwa brashi pana, akazikausha, akazikata maumbo na kuyabandika. Ukitaka kujifunza kwake, nunua karatasi nyeupe za kufungia zawadi, zipake rangi nzito, zikwaruze kwa brashi kavu kabla hazijakauka, zianike kwenye kamba, kesho yake chukua mkasi. Utaelewa kwa nini kingo zake ni kali na ndani kuna vurugu, na kwa nini wanyama wake wamejengwa kwa maumbo machache. Mkasi hauvumilii mapambo mengi.

Mazoezi mawili yanafuata, na haya ndiyo yanayotenganisha kujifunza na kujiburudisha. Ukimaliza nakala, funga kitabu, kiweke mbali, uchore picha ile ile kwa kumbukumbu. Kisha fungua ulinganishe. Pale ulipokosea ndipo ulipokuwa ukifuata mstari bila kuelewa kinachoshikilia mstari huo. Zoezi la pili ni kumhamisha mhusika. Mchore akiwa amekupa mgongo, akipanda mwembe, akibeba ndoo, mkao ambao haumo kitabuni.

Sungura wa Potter ni mtihani mzuri sana hapa. Kwenye mkasa wake, baada ya kupoteza viatu anakimbia kwa miguu minne, na ghafla nguo zote hazijalishi, ni sungura wa shambani. Tazama anavyosimama akiwa amevaa: mabega ni membamba na yameshuka, kwa sababu sungura hana mabega ya binadamu, na mikono ya koti inaanza chini kuliko unavyotarajia. Wanaomnakili haraka humchora mtoto wa binadamu mwenye kichwa cha sungura. Ukiuona mgongo wa sungura halisi akiwa amejikunja, koti litakaa lenyewe. Nenda basi kwa sungura wa jirani, au kwa mbuzi na kuku walio uani, ujaze kurasa kadhaa za daftari. Hatua hii wengi huiruka, na huwezi kuifidia kwa kunakili zaidi.

Vipi kuhusu kuweka karatasi nyembamba juu ya picha na kupitisha penseli? Wengine huita udanganyifu. Mimi nasema ni zoezi dogo lenye faida ndogo: mkono unajifunza mzunguko wa mstari, jicho halijifunzi kupima. Litumie kwa jambo mahususi, kwa mfano kufuata mifupa ya mwili ndani ya nguo, kisha liache.

Katika nakala zako zote andika kwenye karatasi yenyewe: nakala, jina la mchoraji, kitabu, tarehe. Makumbusho ya Louvre mjini Paris, yaliyofunguliwa mwaka 1793, yanaendelea kuwapa wachoraji kibali cha kukaa mbele ya picha na kuzinakili, kwa masharti: nakala isiwe na ukubwa sawa na picha yenyewe, na saini isinakiliwe. Masharti haya yanafaa hata kwa mezani kwako. Ukichora kwa ukubwa tofauti unalazimika kupima upya kila kitu, na hakuna atakayekudhania unaghushi. Kughushi kupo kweli. Picha zenye saini bandia ya Tingatinga mwenyewe zimeuzwa sana.

Sheria inasimama wapi

Hakimiliki ni haki ya aliyeiumba kazi kuamua nani aizalishe, aiuze au aionyeshe kwa umma. Tanzania ina sheria ya mwaka 1999, Kenya ya mwaka 2001, na nchi zote mbili ni wanachama wa Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya kulinda hakimiliki. Kwa sheria hizo ulinzi wa kazi ya sanaa hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Uingereza na Umoja wa Ulaya huhesabu miaka 70. Caldecott na Potter, aliyefariki mwaka 1943, wameshatoka katika hesabu zote mbili, ingawa jina na sura ya yule sungura bado ni alama ya biashara na huwezi kuanzisha nayo duka la fulana. Sendak alifariki mwaka 2012 na Carle mwaka 2021. Picha zao zitalindwa kwa miongo mingi ijayo.

Habari njema kwa mwanafunzi ni kwamba sheria hizi zinaacha nafasi ya matumizi binafsi. Kunakili ukurasa wa Carle kwenye daftari lako hakukupeleki mahakamani. Mtindo nao hauna hakimiliki. Sheria hulinda picha mahususi, hailindi wazo la kutumia karatasi za kubandika au macho ya nukta. Ila ukimwiga mtu kiasi kwamba wasomaji wanadhani ni yeye, wachapishaji watakukwepa bila kuhitaji hakimu.

Imani tatu potofu zinawaponza watu kila siku. Ya kwanza ni kuwa ukibadilisha asilimia fulani, wengine husema 20, wengine 30, picha inakuwa yako. Hakuna kipimo hicho katika sheria. Kinachotazamwa ni kama sehemu ya maana ya kazi ya mwenzako imechukuliwa. Ya pili ni kuwa kilichoko mtandaoni ni cha wote. Picha haipotezi mwenyewe kwa kuwekwa kwenye intaneti. Ya tatu ni kuwa ukiandika jina la mchoraji umemaliza. Kumtaja ni adabu na ni lazima, lakini si kibali cha kuuza. Hata kuposti nakala ya kazi ambayo bado inalindwa kunatoka nje ya matumizi binafsi. Wachoraji wengi hulifumbia macho jambo hilo likiwa na jina lao na halina biashara, wengine hawalipendi, na matakwa yao yaheshimiwe.

Siku hizi huongezwa swali la akili mnemba: kama programu inaweza kutoa picha kwa mtindo wa mtu yeyote ndani ya dakika moja, kwa nini mtu ahangaike kunakili kwa mkono? Programu inakupa picha. Haikupi uwezo wa kujua kwa nini ukurasa wa saba unahitaji weupe mwingi kuliko wa nane, na mhariri atakapokuuliza swali hilo, wewe ndiye utakayejibu.

Limebaki jambo la faili la kazi, maana huko ndiko nakala huleta madhara ya kweli. Unapopeleka kazi kwa mchapishaji, Dar es Salaam, Nairobi au kokote, usitie nakala hata moja, hata iwe nzuri namna gani, hata iwe imeandikwa jina la mwenyewe. Mhariri hawezi kuitumia kukupima. Tia mhusika wako mmoja katika kurasa tatu zinazofuatana: akiwa mbali, akiwa karibu, akiwa amekasirika au amechoka, na nafasi ya maneno imeachwa. Ongeza visanduku vidogo vya hadithi nzima na kurasa mbili za wanyama au watu uliowachora wakiwa mbele yako. Daftari la nakala liache nyumbani, utalihitaji jioni.